Bangladesh: mwanafunzi aliyerudi kijijini kujenga shule kwa udongo na mianzi

Anna Heringer alipofika Bangladesh mwaka 1997, alikuwa msichana Mjerumani wa miaka 19 ambaye hajaanza hata chuo kikuu. Alikaa karibu mwaka mzima akijitolea katika Dipshikha, shirika la wenyeji linalofanya kazi vijijini. Hakuwa na mradi wowote mkononi. Alikuwa anajifunza namna watu wanavyoishi na wanavyotumia walicho nacho.

Kisha alienda kusomea usanifu wa majengo mjini Linz, nchini Austria. Mwaka 2004, kazi yake ya mwisho wa masomo ilikuwa mchoro wa shule ya Rudrapur, kijiji cha wilaya ya Dinajpur, kaskazini mwa Bangladesh. Kazi nyingi za namna hiyo huishia ndani ya kabati la chuo. Hii ilipata michango, na ujenzi ukafanyika kuanzia Septemba hadi Desemba 2005, pamoja na mwenzake Mjerumani Eike Roswag.

Udongo si kitu kigeni kule Rudrapur, kama usivyo kigeni kwa mtu wa Masisi au Walungu. Na kule kama huku, mwenye kupata pesa kidogo hukimbilia matofali na simenti, kwa kuwa nyumba ya udongo inaonekana ya maskini. Sababu ipo: nyumba nyingi za kijiji hicho zilijengwa bila msingi, unyevu ukapanda ukutani, na baada ya miaka michache zikaanza kubomoka.

Basi hawakuuacha udongo, walirekebisha ujenzi wenyewe. Waliweka msingi wa matofali, na juu yake karatasi ya plastiki ili kuzuia maji yasipande. Udongo ulichanganywa na majani makavu ya mpunga, ng'ombe na nyati wakiukanyaga. Ukuta ulipandishwa kwa tabaka za sentimita 65 hivi: wanaweka moja, wanangoja siku kadhaa, wanachonga kingo kwa sepeto, wanangoja tena ikauke, ndipo wanaongeza nyingine. Ghorofa ya juu ni ya mianzi iliyofungwa kwa kamba, na mabati yametokeza sana nje ili mvua isipige kuta. Chini kuna madarasa matatu, juu mawili. Nyuma ya madarasa ya chini watoto wana vipango kama vya mapango, wanakoingia kucheza au kusoma.

Kuna pia hesabu ya pesa. Pesa ya simenti na chuma huenda kwa wafanyabiashara wa mbali. Udongo haununuliwi, kwa hiyo sehemu kubwa hubaki kijijini kama mishahara ya mafundi.

Mwaka 2007 shule hiyo ilipata tuzo ya usanifu ya Aga Khan. Lakini tuzo hutolewa kwa jengo, na swali zito kwa wanafunzi wa Ulaya wanaokuja kujitolea ni lingine: wakisha kupanda ndege, nani atatengeneza ukuta ukipasuka? Wengine huja kwa wiki chache, wanapiga picha, wanarudi, na gharama ya tiketi zao ingelipa mafundi kadhaa wa hapo.

Rudrapur inajibu polepole. Baada ya shule, wanafunzi wa Linz walirudi kujenga nyumba za familia, safari hii bega kwa bega na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha BRAC cha Bangladesh. Kisha likaja Anandaloy, jengo lililopata tuzo ya Obel mwaka 2020: chini ni kituo cha watu wenye ulemavu, juu ni karakana ambamo wanawake wa kijiji wanashona nguo. Heringer alichora, lakini aliyesimamia kazi ni mjenzi wa Rudrapur na mafundi wa hapo hapo, wakiwemo watu wenye ulemavu. Wamejenga njia ya mteremko inayozunguka ukuta wa udongo hadi ghorofani, na mwenye kiti cha magurudumu hupitia hapo.