Jina Lililo Ukingoni mwa Nishani

Mpe mkusanyaji mzoefu nishani ya vita uone atakavyoishika. Hataanza na sura ya mfalme wala picha iliyo nyuma. Ataiweka ubavu, ataisogeza kwenye mwanga na kusoma ukingo wake, ule unene wa milimita chache ambao mtu mwingine hata haushughulikii. Bei ya nishani imeandikwa pale, na mara nyingi hata sababu ya kuitaka imeandikwa pale pale.

Uingereza, Marekani na Ufaransa wako watu wanaofuga magari ya jeshi kama wengine wanavyofuga ng'ombe, kwa gharama isiyorudi na kwa mapenzi yasiyoelezeka. Wapo wa helmeti na vifungo vya sare, na wapo ambao hawataki kingine ila nishani. Kwetu Afrika Mashariki wakusanyaji ni wachache, lakini vitu tunavyo. Vimelala ndani ya masanduku ya bibi zetu, vimefungwa kwenye kitambaa pamoja na risiti za kodi ya kichwa. Ndiyo maana leo nitakaa zaidi kwenye nishani: ni kitu ambacho msomaji anaweza kuwa nacho nyumbani asijue ni nini.

Tuanze na vita vya 1914. Askari wa King's African Rifles, jeshi ambalo wazee walikuwa wakiliita Keya, aliyepigana na Wajerumani kuanzia Taveta mpaka ng'ambo ya Ruvuma, alistahili nishani mbili. Moja ni British War Medal, ya fedha, yenye upana wa milimita 36. Upande mmoja ina kichwa cha Mfalme George wa Tano, na upande wa pili mpanda farasi aliye uchi, farasi wake akikanyaga ngao ya Prussia. Utepe wake una rangi ya chungwa katikati, kisha nyeupe, nyeusi na buluu kila upande. Ya pili ni Victory Medal, ya shaba, yenye sura ya mwanamke mwenye mabawa na utepe wa rangi za upinde wa mvua. Zote mbili ukingoni zimepigwa kwa mashine namba ya askari, cheo, jina na kikosi.

Katika hayo manne, ninayoiamini zaidi ni namba. Jina liliandikwa na karani jinsi alivyolisikia, na makarani wa Kiingereza walisikia mambo ya ajabu. Herufi zilidondoka, jina la baba likageuka la mtoto, Mmakonde akapewa jina la Kinyamwezi. Namba haikuwa na matamshi ya kupotoshwa. Ukiipata namba na kikosi, orodha za waliopewa nishani zilizohifadhiwa Kew, London, zinaweza kukufikisha kwa mtu mwenyewe hata kama jina lake limepinda.

Lakini ukingo nao huficha. Kikosi cha sita cha Keya kiliundwa mwaka 1917, na wengi wa askari wake wa mwanzo walikuwa wameitumikia Ujerumani, wakatekwa, kisha wakajiunga na upande wa pili. Nishani ya mtu wa namna hiyo inamtaja kama askari wa Mfalme George na kunyamaza. Miaka aliyopiga kwata kwa Kijerumani haimo. Kwa mkusanyaji mvivu hiyo ni nishani ya kawaida ya Keya. Mwenye kujua atauliza: kabla ya 1917 ulikuwa wapi, bwana?

British War Medal ina mkosi wake pia. Zilitolewa zaidi ya milioni sita za fedha, na kila moja ina karibu wakia nzima ya madini hayo. Januari 1980 bei ya fedha ilipanda mpaka kukaribia dola 50 kwa wakia, baada ya ndugu wawili matajiri wa Texas, akina Hunt, kununua fedha kwa wingi usio wa kawaida. Thamani ya madini ikaipita thamani ya kumbukumbu. Nishani nyingi zikaenda kwenye tanuri, majina yakiwa bado ukingoni. Ndiyo sababu leo utakuta Victory Medal ya askari iko peke yake. Mwenzake wa shaba hakuwa na faida kwa myeyushaji, akapona.

Penye thamani hapakosi mlaghai. Hila ya zamani ni kukwangua jina la mtu asiyejulikana na kuweka la mtu wa kikosi kinachotafutwa. Dawa yake ni kipimo: nishani iliyokwanguliwa huwa na upana pungufu ya wenzake, hata kama ni kwa sehemu ndogo ya milimita. Tazama na herufi. Za serikali zilipigwa kwa mashine, zina kina kimoja na mstari ulionyooka, ilhali za mlaghai huchongwa kwa mkono na huyumba. Kwa Msalaba wa Chuma wa Wajerumani, Iron Cross, watu hutumia sumaku. Wa kweli kwa kawaida una kiini cha chuma cheusi ndani ya fremu ya fedha, hivyo sumaku hunasa. Jaribio hilo huwakamata walaghai wavivu tu, maana mwenye bidii naye ana chuma.

Vita vya pili vikaleta tatizo lililo kubwa kuliko walaghai. Uingereza iliamua kutoandika majina kwenye nyota za vita vya 1939 hadi 1945. Afrika Kusini, India na Australia ziliandika za askari wao; za Keya zilitoka tupu. Kwa hiyo ukiokota Africa Star sokoni, yenye utepe wa rangi ya mchanga, mstari mwekundu katikati na mistari miwili ya buluu, mmoja uliokoza na mmoja uliofifia, ukingo wake hautakuambia chochote. Huenda ilivaliwa na mtu aliyepigana Ethiopia, huenda ilitengenezwa juzi.

Hapa mtaalamu huacha kusoma nishani moja na kuanza kusoma seti. Kila aliyetumikia jeshi kwa siku 28 alistahili War Medal, ile ya rangi ya fedha yenye simba amesimama juu ya joka la vichwa viwili. Nyota isiyo na War Medal pembeni yake ni dalili kwamba seti imevunjwa. Africa Star na Burma Star zikiwa pamoja kwa mtu wa Keya zinachora safari: kwanza Somalia na Ethiopia dhidi ya Waitaliano, kisha baharini hadi Ceylon, kisha Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile yenye alama ya kichwa cha kifaru, iliyoshuka bonde la Kabaw katika mvua za 1944 hadi mto Chindwin. Ukikuta beji ya kifaru ndani ya sanduku hilo hilo, umebakiza kidogo kufika.

Linganisha na Victoria Cross. Msalaba huo una jina la mwenyewe nyuma ya kipande cha kuning'inizia, na tarehe ya tendo nyuma ya msalaba. Sajini Nigel Leakey, Mzungu wa Kenya, alipewa baada ya kufa, kwa tendo la tarehe 19 Mei 1941 huko Colito, Ethiopia, alipoparamia kifaru cha kivita cha Waitaliano kwa miguu. Alikuwa na kikosi cha 1/6 cha Keya, kikosi cha Tanganyika. Nyota za Watanganyika waliokuwa naye siku hiyo, ikiwa bado zipo, hazimtaji hata mmoja wao.

Na palipo na nishani isiyo na jina, mtu yeyote anaweza kuivaa. Idi Amin aliingia Keya mwaka 1946, vita vimekwisha, lakini habari za ushujaa wake Burma zilienea hata hivyo. Alipokuwa rais alijiongezea herufi baada ya jina, VC ikiwemo, na nishani yake ya VC ikielezwa kuwa Victorious Cross. Mkusanyaji huitazama picha yake jinsi daktari anavyotazama cheti cha kununua: anahesabu tarehe.

Nishani ninayoiona ngumu kuliko zote ni Africa General Service Medal yenye kipande kilichoandikwa KENYA. Ilitolewa kwa waliotumika dhidi ya Mau Mau kati ya 1952 na 1956, na hii ina jina ukingoni. Utepe ni wa njano wenye kingo nyeusi na mistari miwili myembamba ya kijani. Jina ambalo mjukuu wa askari wa Burma angelipa pesa kulipata, mjukuu wa huyu pengine angependa lisiwepo. Ushauri wangu kwa familia hizo ni mmoja: msiikwangue. Babu alikuwa na miaka mingapi, alitoka kijiji gani, alijiandikisha kwa njaa ya mwaka gani, hayo yote huanzia kwenye jina hilo.

Wapagazi je? Waliobeba mizigo ya vita vya kwanza walikuwa mamia ya maelfu, na waliokufa kwa maradhi na njaa ni makumi ya maelfu. Dar es Salaam ina Kariakoo na Nairobi ina Kariokor kwa ajili yao. Lakini tafuta kwenye orodha za minada kitu kilichokuwa mali ya mpagazi, utachoka. Maofisa waliacha panga, darubini na shajara, na mpagazi alirudi, kama alirudi, na blanketi. Mtu anayejifunza vita kwa kutazama makusanyo atadhani vilipiganwa na maofisa.

Magari nayo yana ukingo wake, tuseme hivyo. Jeep za vita vya pili zilitengenezwa zaidi ya 600,000, nyingi na Willys na nyingine na Ford, kwa mchoro mmoja ili spea ziingiliane. Anayejua huinama mbele ya chasisi. Chuma kinachounganisha pande mbili kikiwa bomba la mviringo, hiyo ni Willys. Kikiwa kimekunjwa mfano wa herufi U iliyopinduliwa, ni Ford. Kisha hutafuta herufi F, kwa sababu Ford walipiga F kwenye vipuri vyao, hata vichwa vya bolti. Wako watu Ulaya wanaozunguka minadani wakitafuta bolti zenye F ili gari lao liwe Ford tupu. Mimi nawahurumia kidogo. Kwenye gereji za jeshi fundi hakuwa na muda wa kuchagua herufi. Alifunga bolti iliyokuwa mkononi, Willys juu ya Ford, na gari likarudi kazini. Jeep yenye F kila mahali inafanana na siku ilipotoka kiwandani. Jeep iliyochanganyika inafanana na vita.

Kwa hoja hiyo hiyo kitu bora zaidi cha vita katika pwani yetu kipo wazi uani mwa Fort Jesus, Mombasa. Ni mzinga wa milimita 105 kutoka manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyozamishwa katika delta ya Rufiji Julai 1915. Ilikuwa na mizinga kumi ya namna hiyo. Wajerumani waliiopoa, wakaipeleka Dar es Salaam, ikafungwa magurudumu na kuburuzwa vitani nchi kavu. Mitatu ndiyo iliyobaki: huu, mmoja Jinja na mmoja Pretoria. Hapo hapo Fort Jesus pana mzinga wa HMS Pegasus, meli ambayo Königsberg hiyo hiyo iliizamisha Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914. Watalii hupiga picha na kupita kwenda kutazama bahari.

Neno la tahadhari kabla ya kwenda sandukuni. Nishani, beji na helmeti havina shida. Risasi, bomu la mkono na ganda la mzinga ambalo hujui kama ni tupu ni mambo mengine kabisa: usiviguse, ita polisi. Bunduki ya babu ina sheria ya silaha, hata kama imeshika kutu. Na ule mtindo wa Ulaya wa kuvaa sare na kuandamana na magari ya vita siku ya maonyesho usiuige hapa. Kenya, Uganda na Tanzania raia aliyevaa kombati huulizwa maswali asiyoyapenda.

Sasa nishani yenyewe. Usiisugue kwa Brasso. Kila msuguo unakula shavu la mfalme na goti la mpanda farasi, na fedha iliyosawijika ndiyo mkusanyaji anayoitaka. Usiihifadhi kwenye mfuko wa plastiki laini, maana hutoa unyevunyevu wa kijani. Bahasha ya karatasi inatosha. Piga picha ukingo. Kwa nyota zisizo na jina, andika mwenyewe kwenye karatasi ya pembeni: ni za nani, alizaliwa wapi, kikosi gani, nani amekusimulia. Kitabu chake cha kuagia jeshi, chenye namba na kikosi, kikae humo humo na picha aliyopiga amevaa sare. Mabomu ya Septemba 1940 yaliteketeza London zaidi ya nusu ya mafaili ya askari wa Kiingereza wa vita vya kwanza, kwa hiyo usidhani karatasi ya babu ina nakala mahali fulani kwa wenye nchi.

Ukiamua kuuza, na si dhambi kuuza, uza seti nzima pamoja na karatasi zake zote. Mnunuzi akikwambia hizo karatasi hazina kazi, yeye anataka nyota mbili tu, mwambie arudi kesho, kisha tafuta mnunuzi mwingine.