"Ana afya": neno linaloficha mengi kwa watoto wetu wa Mbulu na Hanang



Mama husifiwa pale mwanawe anapokuwa na mashavu mapana. "Ana afya," husema majirani, wakimaanisha kwamba amenenepa. Sifa hiyo hatuibezi, kwani katika wilaya za Mbulu na Hanang wapo wazazi wengi waliowahi kumwona mtoto akikonda mvua zilipokosekana. Lakini neno hilo moja limebeba mambo mawili yaliyo mbalimbali, nasi leo twapenda kuyatenganisha, tukitazama hasa mahali wanaposhinda watoto wetu wadogo: kituo cha kulelea watoto mchana, darasa la awali na madrasa.

Kuanzia mwaka 2009, pale Haydom wilayani Mbulu, ulifanyika utafiti uitwao MAL-ED, uliofuatilia watoto tangu kuzaliwa katika nchi 8, zikiwemo Bangladesh na Peru. Watoto wa Haydom walikuwa miongoni mwa waliodumaa zaidi. Kwa taifa zima, takwimu za mwaka 2022 zilionyesha kuwa watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, ilhali waliozidi uzito ni wachache mno.

Basi unene unatuhusu nini? Unatuhusu kwa sababu maradhi haya mawili ni jamaa. Mwili uliokosa chakula bora mwanzoni hupungukiwa urefu na misuli. Ukija kumiminiwa sukari na mafuta baadaye, ziada hugeuka mafuta, na mtoto huzidi upana bila kuzidi kimo. Kwa watu wazima dalili zimekwisha kuonekana: wanawake wa Tanzania waliozidi uzito walikuwa 18 katika kila 100 mwaka 2004 na 2005, wakafika 28 mwaka 2015 na 2016.

Hapana shaka nchi hii ya Mlima Hanang haikunyimwa chakula. Yapo mahindi na maharage ya makande, yapo maziwa na mtindi, zipo mboga za majani. Lakini barabara ya lami itokayo Babati kwenda Singida kupitia Katesh imeleta pia soda, biskuti na juisi za pakiti, na mzazi anayekwenda shamba alfajiri huona wepesi kumtia mtoto shilingi mkononi kuliko kumfungia kiporo. Chupa ya soda ya mililita 350 huwa na sukari ya vijiko vya chai vipatavyo 9. Kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, mtoto wa miaka minne hapaswi kupita vijiko 7 hivi kwa siku nzima, na vikiwa pungufu ya hapo ni bora zaidi. Ukiongeza uji wa kituoni uliokolezwa sukari ili watoto waumalize, hesabu imekwisha kuharibika kabla ya adhuhuri.

Uji wenyewe si adui. Uji wa mahindi uliotiwa maziwa, au karanga zilizosagwa vizuri, humjenga mtoto kuliko ule wa unga mtupu na sukari. Kamati ya wazazi inayokusanya michango ya kituo yaweza kupunguza kilo za sukari na kununua maziwa kwa jirani mfugaji.

Ama kuhusu madrasa, twasema kwa heshima ya maustadhi wetu. Mtoto wa miaka mitatu au minne, kwa mwongozo wa shirika hilo wa mwaka 2019, ahitaji kujimudu kwa dakika zisizopungua 180 kwa siku, saa nzima kati ya hizo ikiwa ya kukimbia na kuruka, na asikalishwe muda mrefu mfululizo. Sisi wenyewe tulikaa mkekani tangu asubuhi hadi jua kali, na fimbo ikitungoja. Lakini madrasa za awali zilizoanzishwa Mombasa mwaka 1986, zikafuata Zanzibar 1990 na Uganda 1993, zimefundisha Kurani na michezo katika asubuhi moja, kwa vifaa vilivyookotwa mtaani, na dini haikupungua. Uwanja wa msikiti na mpira wa makaratasi vyatosha.

Jambo jingine ni kipimo. Mizani peke yake hudanganya, kwani mtoto mfupi aliyenenepa aweza kuonekana sawa na wa rika lake. Kituo kikishirikiana na zahanati kipime kimo pamoja na uzito, na mzazi aelezwe vyote viwili. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeviweka vituo hivi chini ya usajili na ukaguzi. Kwa hiyo kuuliza watoto wanakula nini, wanacheza saa ngapi na televisheni inawashwa kwa muda gani si ukorofi.

Sura ya Al-Baqara, aya ya 233, imetaja kunyonyesha miaka miwili kamili, na Al-Aaraf, aya ya 31, imekataza israfu katika kula na kunywa. Twaona israfu hiyo mara nyingi pale ustadhi anapogawa pipi kila mtoto ahifadhipo sura fupi. Nia yake njema, na watoto hufurahi. Ndizi mbivu nayo huwafurahisha, na sokoni Katesh haikosekani.