Theluthi Haiokoi Anga Jeupe

Katika picha ya mandhari, anga na ardhi ya mbele hupimana kwa mwanga kabla ya kupimana kwa nafasi. Wapiga picha wengi wa mitaa ya Eastlands, Nairobi, huanzia upande usiofaa. Huuliza, na kuuliza tena, kama mstari wa upeo uwekwe kwenye theluthi ya juu ya fremu au theluthi ya chini. Wakishajibiwa hurudi na picha ileile: anga jeupe pe, nyumba nyeusi tii.

Imani ya theluthi ichunguzwe kuanzia chimbuko lake. Aliyeipa jina ni John Thomas Smith, mchoraji wa London, katika kitabu chake cha 1797, Remarks on Rural Scenery, miongo kadhaa kabla kamera haijaanza kutoa picha. Smith alianza na nasaha ya mchoraji Joshua Reynolds kuhusu mwanga: sehemu mbili zenye mwanga sawa zisishindane katika mchoro mmoja, moja itawale. Ndipo akalipeleka wazo hilo kwenye mistari, anga likiwemo, tena kwa makadirio tu. Waliorithi kanuni hiyo walishika mstari, wakauacha mwanga. Leo gridi inatokea kwenye kioo cha simu na mtu anaamini kazi imekwisha. Haijaanza.

Eastlands, kanuni hiyo inakosa hata pa kushikia. Pipeline, maghorofa yamebanana hivi kwamba anga ni ukanda mwembamba kati ya kuta mbili, na upeo hauonekani. Kaloleni, mtaa wa miaka ya 1940, kuna nyumba fupi na miti mikubwa. Mpaka wa anga hapo ni matawi, mapaa na nyaya za stima. Na hata mstari ungepatikana, eneo si uzito. Wingu likiuzidi ukuta ulio kivulini kwa stopu nne, kila moja ikiuzidisha mwanga maradufu, lina mwanga mara 16 ya ukuta huo. Ukanda mdogo juu ya kichochoro utalivuta jicho kuliko nguo zote zilizoanikwa kwenye roshani. Kuupunguza kutoka theluthi hadi robo hakuponyi kitu. Wala simu ya bei kubwa haitibu kosa hilo: inahifadhi tofauti pana zaidi ya mwanga na giza, haichagui kipi kitawale.

Linaloamua zaidi ni upande jua lilipo. Eastlands iko mashariki mwa jiji. Asubuhi, anayeelekeza kamera kwenye majengo marefu ya katikati ya jiji ana jua mgongoni: mapaa ya mbele yanaangazwa, anga la magharibi ni la buluu, na tofauti kati yake na ardhi ni ndogo. Jioni jua linaingia lenzini. Hata hivyo ni jioni ndipo picha hiyo inapokimbiliwa. Asubuhi nayo haingoji, kwa kuwa karibu na Ikweta jua hupanda wima, na kufikia saa tatu tayari liko juu.

Njia zilizobaki ni hizi. Mwanga upimwe kwa kugusa anga kwenye kioo cha simu, vivuli vinyanyuliwe wakati wa kuhariri. Anga lililoungua kwa mwanga halirudi. Kichujio chenye giza nusu kinafaa penye uwazi, si vichochoroni, kwani hutia giza kuta pia. Juni hadi Agosti, mawingu ya kijivu yakitanda, anga liachwe nje ya fremu. Aprili, mawingu ya mvua yakiwa na umbo, lipewe nafasi kubwa, ardhi ibaki na paa moja au dimbwi. Anayetaka jioni asubiri jua lizame, kati ya saa kumi na mbili na dakika 20 na saa moja kasoro dakika 8 hivi, kutegemea mwezi. Ndani ya dakika 20 hivi zinazofuata, taa za madirishani na anga hulingana. Anga la kubandikwa kwa programu liepukwe: vivuli vya chini vitaendelea kulifuata jua la awali.