MAKALA YA MBABULA NA MAKALA YA MASKI

Ndugu mufanyakazi, katika kartushi ya maski ya gazi muna makala, meusi kama yale mama ananunua sokoni. Kwa hiyo wengine wanasema: «Kartushi ikiisha nguvu, nitaijaza makala ya nyumbani.» Usifanye hivyo! Rangi ni moja, kazi siyo moja.

Makala ya maski yanatoka mara nyingi katika maganda ya nazi ao makaa ya mawe. Yanachomwa bila hewa, kisha yanapitishwa katika mvuke wa maji wenye moto wa digri 800 mpaka 1000. Mvuke ule unayatoboa matundu madogo-dogo ambayo jicho haliyaoni. Ukiweza kutandika kuta za matundu ya gramu moja tu, zinaweza kupita mita za mraba 1000. Gazi inanata pale.

Lakini gazi zingine hazinati vizuri. Ndiyo maana makala yanaloweshwa dawa. Wakati wa vita ya 1914-1918, Wamarekani walianza kuyatia shaba. Ndiyo, shaba yetu hii! Dawa inashika gazi na kuigeuza, isitoke tena. Kila gazi na dawa yake, kwa hiyo angalia rangi ya kartushi. Kwa alama za Ulaya, kahawia ni ya mivuke kama ya petroli, kijivu ya klorini na gazi ya mayai mabovu, njano ya gazi ya kiberiti, kijani ya amoniaka. Nyeupe ni ya vumbi, kwani makala peke yake hayazuii vumbi.

Sasa sikia vizuri. Monoksidi ya kaboni haina rangi wala harufu, na makala hayaishiki, hata yenye shaba. Moto ukitokea chini ya udongo, kimbilia kifaa cha kujiokoa, siyo kartushi ya kawaida. Na nyumbani hakuna kifaa. Mama, baridi ya mwezi wa sita isikudanganye: mbabula isilale ndani ya chumba pamoja na watoto, hata makala yakiwa mekundu bila moshi. Moshi umeisha, gazi ingali pale.

Tena, kartushi iliyofunguliwa inakunywa unyevu na kuchoka, hata kama haikutumika. Andika juu yake tarehe ya kuifungua. Ukisikia harufu ndani ya maski, toka kwanza mpaka hewa safi, ndipo ubadilishe.