Vikundi Vyetu Baada ya Korona: Je, Mwethya Utarudi?



Katika matembezi yetu ya mwaka huu kuna swali ambalo tumeulizwa karibu kila mahali, kuanzia vilima vya Iveti na Mua hadi kule chini Yatta na Masinga. Wenyeviti wanauliza: mbona watu hawaji tena kama zamani? Kitabuni kuna majina 34, lakini siku ya mkutano wanakuja watu 12. Wale wengine hawajatoka kikundini. Pesa zao zinafika, tena kwa wakati. Wao wenyewe ndio hawafiki.

Tumeona afadhali tuliandike jambo hili, kwa sababu wengi wanadhani ni uvivu tu. Sisi hatuoni hivyo. Tunaona ni alama ambayo korona ilituachia, na tusipoiangalia vizuri itakuwa ndiyo desturi.

Tukumbushane kwanza. Mgonjwa wa kwanza wa korona hapa Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Siku chache baadaye shule zikafungwa, makanisa nayo yakafungwa, na kuanzia tarehe 27 Machi tukawekewa kafyu, saa moja jioni hadi saa kumi na moja asubuhi. Tarehe 6 Aprili Nairobi ikafungwa, hakuna kuingia, hakuna kutoka. Wengine walifikiri Machakos iko nje ya mambo hayo, lakini ule mpaka ulichorwa ndani ya kaunti yetu wenyewe. Athi River na Katani ziliwekwa upande wa Nairobi, sisi wengine tukabaki upande huu. Mama aliyezoea kupeleka mboga Nairobi akabaki nazo zikioza. Kijana wa viwanda vya Athi River akawa yuko karibu na kwao lakini hawezi kufika. Mpaka uliondolewa tarehe 7 Julai 2020. Kafyu yenyewe iliendelea hadi tarehe 20 Oktoba 2021, karibu mwaka mmoja na miezi saba.

Sasa, kikundi ni nini kama hakikutani? Hilo ndilo swali lililotupata wakati ule. Tukakimbilia simu. Katikati ya mwezi wa Machi 2020 kutuma pesa kwa M-Pesa kulifanywa bure kwa kiasi kisichozidi shilingi 1,000, na hali hiyo ikadumu hadi mwisho wa mwaka ule. Mchango wa vikundi vyetu vingi ni shilingi 50, 100 au 200, kwa hiyo ilikuwa kama imepangwa kwa ajili yetu. Merigoraundi ikaendelea bila mtu kutoka nyumbani. Tunashukuru kwa hilo. Kuna nyumba ambazo zilikula kwa sababu zamu yao ilifika wakati ule ule ambapo kazi ilikuwa imekatika. Ada ya kutuma iliporudi mwaka wa 2021, watu walikuwa wameshazoea, na hawakuacha.

Lakini pesa ya mezani na pesa ya simu si kitu kimoja. Pesa ikiwekwa mezani, kila mtu anaiona, inahesabiwa kwa sauti, na karani anaandika mbele ya watu. Pesa ikienda kwa simu ya mweka hazina, anayeiona ni yeye peke yake. Kikundi kimoja tunachokijua kilikuwa kinaweka akiba yote kwenye laini ya mweka hazina, na laini yenyewe ilikuwa imesajiliwa kwa jina la mume wake. Mama huyo alipofariki, kikundi hakikuwa na la kuonyesha. Hakuna aliyeiba, tuelewane hapo. Ila ilichukua miezi mingi ya kwenda na kurudi, na maneno makali kati ya kikundi na ile familia, kabla ya pesa kupatikana. Watu waliokuwa wakisaidiana kuteka maji wakawa hawasalimiani.

Kwa hiyo vikundi vinavyotumia simu tunaviomba vifanye hivi. Fungueni akaunti ya kikundi benki, yenye sahihi za watu watatu, na wanachama watume pesa moja kwa moja huko kwa nambari ya Paybill ya benki. Kama benki ni mbali na bado mnatumia laini ya mtu, basi kila mkutano uanze kwa kusoma zile meseji kwa sauti, moja moja, huku karani akilinganisha na kitabu. Inachosha, tunajua. Lakini ni afadhali uchovu wa nusu saa.

Hayo ya pesa yana dawa. Kuna jambo zito zaidi.

Wote tunajua mwethya ni nini, lakini vijana wetu pengine hawajui ulifanya nini. Miaka ya 1930 serikali ya mkoloni ilisema udongo wa Machakos unaelekea kwisha kwa sababu ya mmomonyoko. Ukiangalia picha za wakati ule, vilima viko uchi. Miaka ya 1990 watafiti walirudi wakapima, na mwaka wa 1994 wakatoa kitabu kilichosomwa dunia nzima. Walikuta kwamba watu katika Machakos ya zamani, pamoja na Makueni, walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano, na bado mmomonyoko ulikuwa umepungua na mavuno yameongezeka. Sababu moja kubwa ilikuwa matuta, yale ya kutupa udongo juu. Na sehemu kubwa ya matuta hayo ilichimbwa na vikundi, hasa akina mama, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na jembe mkononi.

Katika mpango huo mama mjane asiye na shilingi alikuwa sawa na mke wa mwalimu. Kila mmoja ana mikono miwili. Alileta jembe lake na akalipwa kwa majembe ya wengine zamu yake ilipofika.

Angalieni sasa yaliyotokea katika kikundi kimoja upande wa Mwala. Hatutataja jina lake, na wenyewe wametuambia tuandike. Mwaka wa 2020 watu wengi walipokataliwa kukusanyika, kikundi kiliamua kwamba asiyeweza kuja mwethya atume shilingi 200. Ilikuwa busara kwa wakati ule. Mwanzo walituma wachache, wale wazee na wagonjwa. Mwaka uliofuata wakatuma nusu. Mwishowe karibu wote wakawa wanatuma, na kikundi kikaajiri vijana wawili wa kuchimba. Kazi ikaendelea, mtu asiyejua angesema kikundi kimepiga hatua. Ila kulikuwa na mama mmoja mjane, asiye na simu yake mwenyewe, ambaye kabla ya korona alikuwa wa kwanza kufika shambani na wa mwisho kuondoka. Hakuwa na shilingi 200 za kila wiki. Alikuja na jembe lake mara mbili, akakuta wale vijana peke yao, akajisikia kama kibarua asiyelipwa. Deni lake likawa linaandikwa kitabuni. Akaacha kuja. Mvua zilizofuata zikabomoa tuta lake la juu, na hakuna aliyejua mpaka tulipopita hapo.

Hakuna mtu aliyemfukuza mama huyu. Hakuna kikao kilichokaa kikasema maskini watoke. Ilikuwa kanuni ndogo ya dharura, na dharura ilipokwisha hakuna aliyekumbuka kuiondoa.

Tukiangalia nyuma tunaona kwamba magonjwa makubwa hayafanyi mambo namna moja. Mwaka wa 1918 ile homa ya mafua iliyozunguka dunia nzima iliingia kwa bandari ya Mombasa ikapanda na reli, ikapita hapa Ukambani, wakati mmoja na njaa na ukame, na wapagazi wakirudi kutoka vitani wakiwa wamechoka. Iliua watu wengi mno katika Kenya. Lakini waulizeni wazee. Watawaambia habari za Muindi Mbingu na watu walioandamana hadi Nairobi mwaka wa 1938 kudai ng'ombe wao, na Nairobi kuna barabara yenye jina lake. Ule ugonjwa hawana habari nao. Ulipita, watu wakazika, wakaendelea kama walivyokuwa.

Ukimwi ulikuwa tofauti. Serikali iliutangaza kuwa janga la taifa mwezi wa Novemba 1999, lakini kabla ya hapo vikundi vingi vilikuwa vimeshaanza kubadilika. Kikundi kilichoanzishwa kununua masufuria ya mazishi kikajikuta kinalisha mayatima. Akina mama wakajifunza kumwosha mgonjwa na kumgeuza kitandani. Na mambo ambayo hayakutajwa mbele ya wakwe yakatajwa kwenye baraza la chifu. Mazoea hayo yalibaki kwa sababu vikundi vilikaa chini vikasema, hii sasa ni kazi yetu.

Na korona je? Tuangalie mazishi. Mwaka wa 2020 tuliambiwa waombolezaji wasizidi 15, na maiti izikwe upesi. Hakuna mabasi kutoka Nairobi, hakuna mahema, hakuna kuchinja, hakuna wiki mbili za matanga na mchango kila usiku. Wengi wetu tuliumia. Kuna watu ambao hawakuwaona wazazi wao wakiwekwa kaburini, na kidonda hicho bado kipo. Lakini pia familia nyingi zilituambia, kwa sauti ya chini, kwamba kwa mara ya kwanza walizika bila kuuza ng'ombe wala shamba. Makatazo yalipoondolewa, tulidhani watu watachukua nafasi hiyo kupunguza gharama. Wapi! Mahema yamerudi, na vipaza sauti pamoja nayo, na siku hizi kuna mpiga picha anayelipwa. Sisi tunafikiri kikundi kinaweza kuandika kiwango: tutachanga kiasi hiki kwa sanduku, mochari na chakula cha siku moja, basi. Mkisubiri kujadili siku mtu amefariki, mmechelewa. Nani atamwambia mwana wa marehemu apunguze?

Mengine tutapita haraka. Vijana waliorudi kutoka mijini mwaka ule walikuta vikundi vinawadai kiingilio kamili, wakaondoka tena Nairobi ilipofunguliwa; vikundi vichache viliwapokea kwa kazi badala ya pesa na bado viko nao. Watoto wengi walikaa nyumbani hadi Januari 2021, na wako wasichana waliopata watoto wakati huo ambao shule ingewapokea tena kama mtu angewafuata. Na ile mitungi ya kunawia mikono yenye kamba ya kukanyaga, tulihesabu iliyobaki katika vituo tisa. Ni miwili inayofanya kazi. Mingine inanyweshea kuku.

Tusidhani ni mambo ya kale. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa dharura ya korona tarehe 5 Mei 2023, na mwaka uliofuata tu, mwezi wa Julai 2024, Kenya ikathibitisha mgonjwa wa kwanza wa mpox kule Taita Taveta. Kwa hiyo tunaviomba vikundi vifungue katiba zao mwaka huu na kutafuta kanuni zote zilizoingizwa tangu 2020. Kila moja iulizwe: iliwekwa kwa nini, na inamzuia nani? Ile ya kubaki ibaki. Ile ya dharura iandikwe kwamba ni ya dharura, na tarehe ya kwisha iandikwe hapo hapo.

Kile kikundi cha Mwala kimeshafanya hivyo. Kilikaa siku nzima, na haikuwa siku rahisi. Wanaofanya kazi mbali walisema wazi kwamba hawawezi kuja kila wiki, na walisema ukweli. Mwishowe walikubaliana kwamba mtu anaweza kutuma pesa mara moja kwa mwezi, siku zingine aje yeye au amtume mtu wa nyumbani kwake, na anayekuja na jembe asidaiwe shilingi. Deni la yule mama lilifutwa kitabuni mbele yake. Wataanza na shamba lake, Jumanne ya kwanza ya mwezi wa Septemba, saa mbili asubuhi, ili tuta liwe tayari kabla ya mvua za Oktoba. Wametuomba tuje, nasi tumesema tutakuja. Tumeambiwa tubebe majembe yetu.