Makufuli ya Kompyuta: Kweli au Uongo?

Kompyuta yenye kori kadhaa huendesha kazi nyingi kwa wakati mmoja, na zote hugombea kumbukumbu ileile. Kerneli ya mfumo endeshi huzizuia zisikanyagane kwa kutumia kufuli, na kuhusu kufuli hilo yanasemwa mengi.

"Kufuli ni namba tu: ukikuta 0, andika 1, uingie."

Namba, kweli. Njia ya kuingia, uongo mtupu. Kori ya kwanza inasoma 0. Kabla haijaandika 1, kori ya pili nayo inasoma 0. Zote zinaandika 1, zote zinaingia, data inaharibika na hakuna anayelalamika. Ndiyo maana prosesa za x86 zina amri ya xchg, ambayo huweka 1 na kuchukua thamani iliyokuwepo kwa mkupuo mmoja usioingiliwa; amri ya namna hii huitwa ya atomiki. Aliyetoka na 0 amelipata kufuli; aliyetoka na 1 amekuta mwenzake ndani, basi arudie. Haidhuru arudie mara ngapi, maana kuandika 1 juu ya 1 hakubadilishi kitu. Mwenye kufuli akimaliza, anarudisha 0.

"Bila amri ya atomiki hakuna kufuli."

Uongo. Mwaka 1981 Gary Peterson alichapisha mbinu fupi ya kuzipa zamu kazi mbili kwa kusoma na kuandika kwa kawaida tu. Wahadhiri bado wanaipenda. Tatizo ni kwamba prosesa za leo hupangua utaratibu: andiko linaweza kukaa kwenye bafa huku usomaji uliofuata ukitangulia. Usipoweka kizuizi cha kumbukumbu, mbinu hiyo inavunjika.

"Amri ya atomiki husimamisha mashine nzima."

Zamani ilikaribia kuwa kweli. Tangu Pentium Pro ya 1995, data ikiwa ndani ya mstari mmoja wa kashe, prosesa ya Intel hushikilia mstari huo tu.

"Anayesubiri kufuli hulala."

Inategemea. Ndani ya kerneli, spinloki haimlazi mtu: kori huzunguka ikijaribu tena na tena, jambo linalofaa pale tu kufuli linaposhikwa kwa muda mfupi sana. Zamani kwenye Linux aliyewahi ndiye aliyepata, hata kama mwenzake alitangulia kusubiri. Mwaka 2008 zikaletwa tiketi za foleni. Programu za kawaida hutumia futeksi, iliyokuja na Linux 2.6 mwaka 2003. Hujaribu kwanza amri ya atomiki, na zikishindwa ndipo huiomba kerneli izilaze. Kufuli lisipogombewa, kerneli haiitwi kabisa.