Kofia, Moyo na Kibanda

Mtanzania anayetua London mwezi Januari hukimbilia dukani kutafuta kofia. Humwambia muuzaji neno alilolijua tangu shule ya msingi, "hat", naye muuzaji humkodolea macho, kwa sababu alichosikia ni ama "heart", yaani moyo, ama "hut", yaani kibanda. Mteja hurudia kwa sauti kubwa zaidi, na neno hutoka vilevile. Mwishowe hujishika kichwa, wote wawili hucheka, na kofia hupatikana. Safari ikigeuzwa, mambo hugeuka nayo: Mwingereza aliyefikia nyumba ya wageni Zanzibar huomba mto wa kulalia, lakini ile m ya mwanzo huipachika kijisauti nyuma yake, na mhudumu akasikia kwamba mgeni anataka moto.

Visa vya namna hii hurudi na kila msafiri, na kwa kawaida lawama hutupiwa ulimi: ulimi mzito, ulimi haujazoea. Ulimi huonewa. Anayetangulia kukosea ni sikio, na sikio halikosei kwa uzembe. Lilikwisha kupangwa na nyumba lililolelewa humo, kabla mwenye sikio hajajua kutembea. Ngozi nayo ina historia inayofanana na hiyo.

Kiswahili kina irabu 5. Kiingereza cha kusini mwa Uingereza kina takriban 12, mbali na zile zinazotamkwa mbili kwa pamoja. Pale kinywani ambapo Kiswahili kimeweka a moja tu, Kiingereza kimegawa kiwanja mara tatu: irabu ya kofia ulimi ukiwa mbele, ya kibanda ulimi ukiwa katikati, ya moyo ulimi ukiwa nyuma na sauti ikivutwa. Kwenye i kimegawa mara mbili, ndiyo maana meli na kondoo, "ship" na "sheep", huingia zizi moja katika kinywa cha Mswahili. Mwalimu anayemwambia mwanafunzi asikilize kwa makini anamwomba asikie tofauti ambayo sikio lake lilishaamua kwamba si tofauti.

Muuza nyanya wa sokoni anaeleza jambo hili vizuri kuliko michoro ya vitabuni. Meza yake ina mafungu 5. Kila nyanya inayotoka kwenye tenga huitupia jicho mara moja na kuiweka kwenye fungu inalolifanania zaidi. Nyanya iliyo katikati ya fungu moja na jingine haiachwi hewani. Itaangukia upande mmoja au mwingine, na ikishaanguka hakuna anayekumbuka kwamba ilitia shaka. Mteja akiuliza, muuzaji ataapa kuwa fungu zima ni la aina moja, na hasemi uongo: hivyo ndivyo anavyoliona. Sasa aje mnunuzi wa hoteli aliyezoea kuchambua madaraja 12, za kachumbari mbali, za mchuzi mbali, za kukaa siku 3 mbali. Huyo atalichukua fungu moja la mwenyeji na kulipasua mara tatu bila kusita. Macho ya wote wawili ni mazima. Kinachowatenga ni hesabu ya mafungu, na mafungu ndiyo yanayoamua kipi kionekane na kipi kisionekane. Zaidi ya hapo, nyanya nzuri kuliko zote, ile inayokaa juu kabisa ya fungu, huzivuta za jirani zake: mtu huziona nyingine zote zikifanana nayo kuliko zinavyofanana kwa kweli. Mwaka 1992 Patricia Kuhl na wenzake walionyesha kwamba mvuto huo upo tayari kwa watoto wa miezi 6, wa Marekani kwa irabu ya Kiingereza na wa Sweden kwa irabu ya Kiswidi, kila mmoja kwa sauti ya kwao. Kuhl aliufananisha na sumaku.

Lakini mafungu hayo hayakuwapo siku ya kuzaliwa, na hapa ndipo palipo jaribio zuri kuliko yote katika taaluma ya usikivu wa lugha. Janet Werker na Richard Tees walilitangaza mwaka 1984, Vancouver, Kanada. Mtoto mchanga anakaa mapajani kwa mama yake. Mama amevaa visikizi vyenye muziki, asije akamdokeza mtoto bila kujijua. Spika inatoa silabi moja tena na tena: ta, ta, ta, ta. Ghafla silabi inabadilika ikawa ta nyingine, ya Kihindi, inayotamkwa ncha ya ulimi ikiwa imekunjwa juu. Mtoto akigeuza kichwa katika nukta hiyo, kisanduku cheusi pembeni kinawaka taa, na ndani yake mnyama wa kuchezea anaanza kupiga ngoma. Baada ya mara chache mtoto ameshaelewa biashara: sauti ikibadilika, ukigeuka, kuna ngoma. Tangu hapo shingo yake inasema kile ambacho kinywa hakiwezi.

Watoto wa miezi 6 hadi 8, waliozaliwa katika nyumba za Kiingereza na ambao hawajasikia Kihindi maishani mwao, waligeuka. Walizisikia t zote mbili, ambazo watu wazima wa Kiingereza hushindwa kuzitenganisha. Walipopimwa wa miezi 8 hadi 10, idadi ya wanaogeuka ilipungua. Wa miezi 10 hadi 12 karibu wote walibaki wametulia, spika ikibadilisha silabi na wao wakitazama mbele. Watoto wa nyumba za Kihindi wa umri huohuo waliendelea kugeuka. Katika miezi michache, kabla ya neno la kwanza kutoka, sikio limekwisha kuwa la kabila fulani.

Pwani ya Kenya ina jirani wa sauti hizo. Lahaja za Kimvita na Kiamu hutenga t ya menoni na t ya ufizini, na wasemaji wa lahaja hizo hutofautisha pia paa wa porini, anayetamkwa kwa mpumuo, na paa la nyumba lisilo na mpumuo. Mtu wa bara aliyejifunza Kiswahili sanifu hufika Mombasa akidhani anakijua, akacheka lafudhi ya mwenyeji kumbe nusu ya lafudhi hiyo hajaisikia hata kidogo. Hali ni ileile kwa wale ambao lugha zao za mama hazitengi l na r, wakaambiwa kila uchaguzi kwamba wanakwenda kupiga kula. Wajapani nao huteswa na herufi hizohizo mbili za Kiingereza. Watoto wa Kijapani wa miezi 6 hadi 8 huzitenga sawasawa na wenzao wa Marekani. Miezi minne baadaye wale wa Marekani wamepanda na wale wa Kijapani wameshuka.

Badiliko hili linahitaji jina zuri la Kiswahili, na majina yanayokuja haraka hayafai. Kuziba hakufai, kwa kuwa sikio linaendelea kusikia. Kusinyaa ni kwa jani lililokosa maji, na hapa hakuna kilichokauka. Kufinyika kunakaribia, lakini kunaacha nje lile lililo muhimu: kwamba kupungua huku kuna faida, na mtoto anayepoteza sauti za wengine ndiye huyohuyo anayezidi kuwa hodari wa sauti za kwao. Neno linalobeba pande zote mbili lipo shambani. Mkulima wa kahawa hupogolea mibuni yake, akayatoa matawi mazima ambayo hayana ugonjwa wowote, ili nguvu iende kwenye yanayozaa. Sikio la mtoto linapogolewa. Upogoleaji wa usikivu ndilo jina la haki, na mtu yeyote wa Kilimanjaro au Kagera atalielewa bila maelezo.

Anayeshika kisu cha kupogolea ni nani? Mwaka 2003 Kuhl alitoa jibu lisilotarajiwa. Watoto wa Kimarekani wa miezi 9, mjini Seattle, walikutanishwa na wasemaji wa Kichina cha Mandarini kwa vipindi 12 vya kusomewa vitabu na kuchezeshwa. Walipopimwa, walizitenga sauti za Kichina kama watoto waliozaliwa Taiwan. Kundi la pili lilionyeshwa watu walewale, kwa maneno yaleyale, katika televisheni. Kundi la tatu lilisikilizishwa kanda za sauti pekee. Makundi haya mawili hayakupata chochote. Sauti zilikuwa zilezile. Kilichokosekana ni mtu wa kumtazama mtoto machoni na kungoja aitikie. Bibi anayemwimbia mjukuu mgongoni anafanya kazi ambayo hakuna redio inayoweza kuishika.

Ngozi inafuata mkondo huohuo kwa mwendo wa taratibu. Binadamu huzaliwa na tezi za jasho kati ya milioni 2 na 4, ila si zote zinazowashwa. Yas Kuno, mwanafiziolojia wa Japani aliyeandika kitabu kizima juu ya jasho mwaka 1956, alihesabu tezi zinazofanya kazi kwa Wajapani wa nchi mbalimbali. Waliozaliwa na kukulia nchi za joto walikuwa na nyingi zaidi. Waliohamia huko wakiwa watu wazima walibaki na hesabu ya nyumbani. Kwa maoni ya Kuno, hesabu hiyo hufungwa mtoto akiwa na umri wa miaka miwili na nusu hivi. Tafiti za baadaye zimeongeza vighairi vyake, lakini picha imebaki inavutia: mtoto wa Tanga na mtoto wa Oslo wanakua na mitambo ya maji isiyolingana.

Ngozi hiyohiyo hukutana na baridi pia, kwa hiyo kofia ya London si anasa. Mishipa ya damu ya vidole na masikio hujibana ili joto libaki kifuani na tumboni, na mtu wa pwani hugundua kwa mara ya kwanza kwamba masikio yanaweza kuuma bila kupigwa. Mtoto wake hushtuka akijiona anatoa moshi mdomoni. Ni mvuke wa pumzi, ulioiva kwa joto la mwili, unaogeuka matone ukikutana na hewa baridi.

Wapo wasafiri wanaoshangazwa na kinyume. Mzanzibari anayekwenda Oman mwezi Julai hujiandaa kwa Muscat, ambako joto hupita nyuzi 40. Akiteremka Salalah, kusini mwa nchi hiyohiyo, hukuta manyunyu, ukungu, vilima vya kijani na minazi, joto la mchana likiwa chini ya nyuzi 30. Wenyeji huuita msimu huo kharifu, kuanzia Juni hadi Septemba. Upepo unaouleta hauna ugeni kwake: ni Kusi, uleule unaovuma Unguja miezi hiyo, uliokwisha kuivuka bahari na kuigonga milima ya Dhofar.

Hata kama hesabu ya tezi hufungwa utotoni, mwili wa mtu mzima haujafungwa kabisa. Mgeni wa Ulaya anayefika Dar es Salaam mwezi Februari hutoka jasho lenye chumvi nyingi, hata shati likakauka na michirizi myeupe mgongoni. Baada ya siku 10 hadi 14 za joto, maji ya damu yameongezeka, jasho linaanza mapema zaidi, na tezi zimejifunza kuirudisha chumvi mwilini kabla haijatoka.

Sikio halina njia fupi kiasi hicho, ila lina njia. Mwaka 1991 John Logan, Scott Lively na David Pisoni wa Chuo Kikuu cha Indiana waliwazoeza Wajapani kutenga r na l za Kiingereza kwa wiki kadhaa, wakitumia maneno mengi yaliyosemwa na watu mbalimbali, na wanafunzi wao wakapanda. Siri ilikuwa katika wingi wa vinywa: anayezoezwa kwa sauti ya mwalimu mmoja hujifunza mwalimu huyo, hajifunzi lugha. Majaribio yaliyofuata yalirekodi pia matamshi ya wanafunzi kabla na baada ya mafunzo, ingawa hawakuwa wamefundishwa kutamka lolote. Wasikilizaji wa Kimarekani walipopewa kanda hizo, maneno ya baada ya mafunzo waliyaelewa vizuri zaidi. Sikio lilikuwa limeongeza fungu, na ulimi ukalifuata.